Biblia ipi, na ukikwama utamuuliza nani?

"Mwalimu, nataka kuisoma Biblia. Nianze na ipi?"

Swali hili nimeulizwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nimeulizwa na mama mmoja aliyeolewa na Mkristo, ambaye mpaka leo hajui hasa mumewe anaamini nini. Nimeulizwa na fundi baiskeli wa Ngamiani, ambaye nitamrudia mara kadhaa humu. Tanga ni mji wa watu waliochanganyika. Adhana na kengele zinasikika mtaa mmoja, na mtu anaweza kukaa na jirani Mkristo miaka ishirini, akala pilau yake ya Krismasi, asijue kilichomo ndani ya kile kitabu anachobeba kila Jumapili. Kwa hiyo wanaouliza si wa aina moja. Wapo waliobatizwa utotoni wakabaki na jina tu. Wapo wenye kiu ya kweli ya Mungu. Wapo wanaotaka kujua, basi, bila nia ya kuhama walipo. Nawaandikia wote.

Mimi ni Mwanglikana. Nalisema mapema kwa sababu mtu anayekulinganishia mambo ya dini bila kukuambia amesimama wapi amekuficha upande mmoja wa mizani.

Zamani nilikuwa nataja jina la kitabu nikaenda zangu. Siku hizi namrudishia mtu swali: utasomea wapi, saa ngapi, na ukikwama utamuuliza nani? Hilo la mwisho ndilo linalobadilisha ushauri wangu kuliko umri, kuliko bei, kuliko hata dhehebu.

Union na Habari Njema

Fundi alikuja kwangu Jumatano moja jioni, grisi bado iko kwenye kucha, na Biblia ya Union yenye jalada jeusi aliyoachiwa na mpangaji mwenzake aliyehama. Mimi nilikuwa na Habari Njema, tafsiri nyingine ya Biblia hiyo hiyo. Tukafungua Marko sura ya 4, pale Yesu na wanafunzi wake wanapovuka ziwa na dhoruba inawakuta njiani. Akasoma ya kwake kwa sauti: Yesu alikuwapo "katika shetri, amelala juu ya mto." Nikasoma ya kwangu: alikuwa sehemu ya nyuma ya mashua.

Uso ukamchangamka. "Mwalimu, shetri naijua! Baba alikuwa mvuvi, pale Deep Sea. Shetri ndipo anapokaa mshika usukani." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe alilala mahali pa nahodha."

Nimefundisha sura ile miaka mingi, na sikuwahi kuliona hilo.

Wiki iyo hiyo nikausoma mstari ule ule wa Union katika kipindi cha dini shuleni. Binti mmoja aliyekulia Dodoma hakuijua shetri, na hilo si ajabu. Lakini "mto" aliuelewa kuwa mto wa maji, akakaa kipindi kizima akijiuliza Yesu alilalaje juu ya mto akiwa ndani ya ziwa. Aliona aibu kuuliza mbele ya wenzake. Nilijua wiki iliyofuata aliponifuata pembeni. Kwake yeye, ile "sehemu ya nyuma ya mashua" ya Habari Njema ingemfikisha ndani ya mashua siku ile ile.

Huo ndio ulinganisho wenyewe kwa ufupi, lakini inafaa ujue tofauti hiyo ilikotoka. Union ilitoka nzima mwaka 1952. Kabla yake pwani ilikuwa na tafsiri zaidi ya moja. Kulikuwa na ya Kiunguja, aliyoianzisha Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, wale wale waliofungua kituo cha Magila karibu na Muheza. Kulikuwa na ya Mombasa ya mwaka 1914. Na kulikuwa na ya Karl Roehl, mmisionari Mjerumani aliyewahi kufanya kazi Usambara, iliyotoka nzima mwaka 1937. Roehl alitaka Kiswahili cha Biblia kipunguziwe maneno yenye asili ya Kiarabu, kikae karibu zaidi na lugha za Kibantu. Union haikufuata njia hiyo. Ilikusudiwa kuwaunganisha wasomaji wa Kiunguja na wa Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, juu ya Kiswahili sanifu, ikabaki na neema, toba, sadaka, nabii na shukrani bila wasiwasi. Ndiyo maana mtu wa pwani, hata aliyelelewa madrasa, akiifungua Union hukuta maneno mengi ya nyumbani kwao.

Ushahidi ninao. Fundi alikwama kwenye Wakorintho wa Kwanza sura ya 13, pale Union inaposema upendo "hautakabari." Nilimwambia nitamweleza Jumatano. Hakungoja. Alimuuliza bibi yake kule Makorora, mzee wa Kiislamu, mwenye tasbihi mkononi, na bibi akamweleza kutakabari ni nini kwa kumtajia mjomba mmoja wa ukoo ambaye akipita barazani hasalimii mtu. Alielewa vizuri kuliko ambavyo ningemweleza mimi.

Sasa tazama Habari Njema mahali hapo hapo. Yenyewe haisemi upendo hufanya hivi au vile. Inasema "mwenye upendo" hana wivu, hajidai, wala hajivuni. Mtu amewekwa mahali pa neno la dhahania. Kwa anayesoma peke yake usiku baada ya kazi, hilo linaingia moja kwa moja: mwenye upendo ni mtu, na mtu anaweza kuwa mimi. Lakini kitu fulani kimepungua pia. Katika Union, Upendo wenyewe unatembea kama mhusika, unavumilia, unafadhili, na msomaji hupata nafasi ya kujiuliza huyo ni nani.

Habari Njema ilitoka nzima katikati ya miaka ya 1990, na ni kazi ya Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja. Nia yake ni kukupa maana kwa Kiswahili cha leo, hata kama mpangilio wa maneno ya asili utabadilika. Pale Union ya Agano la Kale inapoandika "Bwana," Habari Njema inaandika "Mwenyezi-Mungu." Pale Yesu wa Union anaposema "Amin, amin, nakuambia," wa Habari Njema anasema "Kweli nakuambia." Na katika Yohana sura ya 3, anapozungumza na Nikodemo usiku, Union inasema mtu asipozaliwa "mara ya pili," Habari Njema inasema "upya." Neno la Kigiriki lililopo pale lina maana mbili, "tena" na "kutoka juu," na Nikodemo alishika moja tu, ndiyo maana akauliza habari ya kurudi tumboni mwa mama. Hakuna tafsiri ya neno moja inayobeba zote mbili. Ukiwa na Biblia mbili mezani unaiona hiyo nafasi katikati. Ukiwa na moja unaipita.

Hukumu yangu ni hii. Kama utasoma peke yako, bila mtu wa kumuuliza karibu, chukua Habari Njema. Kama unaye wa kumuuliza, au unakwenda kanisani, Union haiepukiki: sala, mafungu ya kukariri na mahubiri mengi bado yanasemwa kwa maneno yake, na ukiwa na nyingine tu utakuwa kama mtu anayesikia mazungumzo kupitia ukuta. Anayeweza kupata zote mbili asisite.

Ipo pia Neno, ambayo Kiswahili chake ni chepesi kuliko cha Union bila kwenda mbali kama Habari Njema. Nimeitumia kidogo na sina ugomvi nayo. Ukiingia kwenye simu utakutana na vifupisho vinavyochanganya watu: SUV ni Union ile ya zamani, SRUV ni Union iliyorekebishwa, BHN ni Habari Njema, NEN ni Neno.

Jambo moja la kuuliza kabla hujatoa pesa dukani ni idadi ya vitabu. Biblia ya Waprotestanti ina vitabu 66, ya Wakatoliki 73. Vilivyozidi ni saba vya Agano la Kale: Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, na viwili vya Wamakabayo. Pia Esta na Danieli zina sehemu za nyongeza. Habari Njema imechapwa kwa namna zote mbili, kwa jalada linalofanana, na nimeona mtu akienda kwenye mafundisho ya Kikatoliki akafungua hapa na pale akitafuta Yoshua bin Sira asimwone, akadhani Biblia yake imechanwa. Mwambie muuzaji unataka yenye deuterokanoni, yaani hivyo vilivyozidi, au isiyo nayo. Wauzaji wa maduka ya vitabu ya makanisa wanalijua neno hilo.

Karatasi, simu, sikio

Hapa sina mengi. Kitabu cha karatasi kinakaa kimya, hakikuletei meseji katikati ya Zaburi, na unaweza kupiga mstari kwa penseli. Kwa anayeanza hiyo ni faida kubwa. Kama Biblia nzima ni ghali kwa sasa, Agano Jipya peke yake ni nafuu, na yale madogo ya Wagideoni, yenye Zaburi na Mithali nyuma, hutolewa bure. Ukipewa moja, lipokee.

Simu ina uzuri ambao karatasi haina: tafsiri kadhaa mahali pamoja. Programu ya YouVersion, iliyoanza mwaka 2008, ina hizo nne za vifupisho nilizotaja, na ukishaipakua tafsiri unayoitaka unasoma bila bando. Kwa kulinganisha mistari haina mpinzani. Kwa kusoma kitabu kizima kuanzia mwanzo hadi mwisho, mimi imenishinda. Kidole kinaruka, ujumbe unaingia, nusu saa imekwisha na nimesoma mistari sita.

Sikio ndilo watu wanalolisahau, na mimi nililisahau mpaka macho ya mama mkwe wangu kule Muheza yalipoingia mtoto wa jicho. Tulimwekea Agano Jipya la sauti kwenye memori kadi, akalisikiliza kwa kiredio chake huku akichambua mchele. Siku moja nilimkuta Luka anaendelea, habari ya yule baba anayemkimbilia mwanawe aliyetapanya mali. Mikono ilikuwa imesimama juu ya ungo. Mama yule amekwenda kanisani maisha yake yote, na habari ile alishaisikia mara nyingi, vipande vipande. Aliniambia, "Sikujua kama mzee alikimbia." Mahubiri yalikuwa yamemweleza msamaha, kusikiliza kukamwonyesha mzee anakimbia.

Ubaya wa sauti ni kwamba ukipitwa na neno limekupita. Kwa nyaraka za Paulo, zenye sentensi ndefu na hoja juu ya hoja, ni vigumu. Kwa Injili, Mwanzo, Ruthu na Matendo, ni njia nzuri mno, na ni ya zamani: makanisa ya kwanza yalisomewa nyaraka kwa sauti, kwa kuwa nakala ilikuwa moja na watu wengi.

Redio za dini naziweka nyuma ya memori kadi. Radio Maria, kwa mfano, ina katekesi nzuri na sala za kila siku, na inamfaa mtu wa nyumbani. Lakini redio ndiyo inayochagua leo usikie nini, wewe huchagui. Kama una swali lako maalumu linakuchoma, linaweza kungoja mwaka.

Nani atakujibu?

Hapa ndipo ningependa ukae zaidi, kwa sababu watu wengi niliowaona wakiacha kusoma hawakuacha kwa ugumu wa Kiswahili. Waliacha kwa sababu walifika mahali pagumu, wakatazama kushoto na kulia, hapakuwa na mtu.

Katekista wa Kikatoliki, mwinjilisti wa Kilutheri, mchungaji wa mtaa: hawa wapo, wanafikika, na hawadai ada. Anayetaka kuwa Mkatoliki huingia ukatekumeni, safari ndefu ambayo kwa kawaida hufikia ubatizo kwenye mkesha wa Pasaka. Baadhi ya watu huulalamikia urefu huo. Mimi nauona ni heshima: hakuna anayekuharakisha, na una muda wa kubadili mawazo. Kwa asiyetaka kujiunga na chochote bado, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970, hukutana majumbani kwa zamu, na mara nyingi husoma Injili ya Jumapili inayofuata. Mgeni hukaribishwa. Utakaa kwenye mkeka wa mtu, utasikia muuza samaki anavyolielewa fungu lile na mhasibu anavyolielewa. Upungufu wake ni kwamba siku nyingine mazungumzo huhamia kwenye michango ya msiba, na Injili hubaki mstari mmoja.

Walutheri wana Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, na kwa anayependa mambo yaliyopangwa sijui kijitabu kinachoishinda. Inachukua amri kumi, imani, Sala ya Bwana, ubatizo na chakula cha Bwana, na karibu kila hatua inauliza: maana yake nini? Kisha inajibu kwa sentensi chache. Ni mafundisho ya Kilutheri, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya yaliyomo ni mali ya Wakristo wote. Ikiwa unataka kujua Wakristo wanaamini nini kabla hujajua Biblia inasema nini sura kwa sura, anza na katekisimu, yao au ya Kikatoliki, kuliko kuanza na kitabu cha mhubiri mmoja maarufu.

Waadventista wana kitu ambacho wengine hatuna kwa mpangilio ule: lesoni. Ni kijitabu cha robo mwaka, wiki 13, kila siku sehemu yake yenye mafungu na maswali, na Sabato watu hukaa kwa vikundi kuyajadili. Wana pia kozi za Biblia kwa njia ya posta, Sauti ya Unabii, ambapo unajaza majibu, unatuma, yanarudi yamesahihishwa, na mwishoni unapata cheti. Kwa mtu aliye mbali, au asiyetaka kuonekana akiingia mlango wa kanisa, kozi ya namna hiyo ni msaada wa kweli. Jua tu kwamba masomo yatakupeleka kwenye mafundisho yao kuhusu Sabato na hali ya wafu, ambayo makanisa mengine hayafundishi hivyo. Wenyewe hawafichi.

Wapentekoste wana seli za majumbani na mikutano ya injili viwanjani, kama ile ya Tangamano. Nimekwenda. Joto lile la watu wanaokuombea kwa jina lako, wanaokuuliza mtoto anaendeleaje, sijalipata kwa urahisi kwingine. Kinachonisitisha ni mwendo. Mtu huulizwa aamue usiku ule ule, kabla hajasoma hata ukurasa mmoja wa anachokiamua. Nenda, sikiliza, imba, na kama moyo umeguswa usiuzuie, lakini omba kwanza upewe Injili moja ukaisome nyumbani. Mchungaji mzuri atafurahi.

Kozi ya Alpha, iliyozaliwa katika kanisa la Kianglikana la Holy Trinity Brompton kule London, ni chakula, somo, halafu majadiliano ambamo swali lolote linaruhusiwa, kwa muda wa wiki kama kumi. Kama kanisa lililo karibu nawe linaiendesha, ni mahali pazuri kwa mwenye mashaka. Uzuri wake unategemea sana anayeongoza kikundi. Anayejibu kila kitu upesi huiharibu.

Mihadhara ya kushindanisha dini sikushauri kabisa, iwe ya upande wowote. Pale mistari hutumika kama mawe. Utarudi nyumbani unajua mafungu ishirini ya kumnyamazisha mtu, na hujui habari hata moja kuanzia mwanzo hadi mwisho wake.

Na magrupu ya WhatsApp. Miaka miwili iliyopita niliunganishwa kwenye moja la "mafundisho ya Biblia ya kina." Wiki ya kwanza ilikuwa nzuri. Wiki ya pili niliuliza swali ambalo limenisumbua tangu nilipozika mtoto wa dada yangu: katika kitabu cha Ayubu, wale watoto kumi waliokufa mwanzoni, je, kupewa wengine mwishoni ndiyo jibu? Nikajibiwa faraghani. Jibu lilikuwa namba ya kutumia pesa na maelezo kwamba ufunuo hufunguliwa kwa sadaka ya mbegu. Nililia, sioni haya kusema. Swali lile nilikuja kulipeleka kwa padri mmoja mzee, ambaye alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema hata yeye halijui jibu lake, na akanionyesha kwamba Mungu katika kitabu kile anawakasirikia marafiki waliotoa majibu mepesi, si Ayubu aliyeuliza. Tangu siku hiyo hicho ndicho kipimo changu. Peleka swali lako gumu zaidi mapema kabisa, uone linapokewaje. Anayeomba pesa kabla ya kujibu, mwache. Anayekukemea kwa kuuliza, mwache. Anayesema "sijui, tusome pamoja," kaa naye, hata kama dhehebu lake silo ulilolifikiria.

Neno kwa walio katika familia za Kiislamu, kwa kuwa ni wengi na huniuliza kwa sauti ya chini. Kusoma ili kujua si usaliti kwa mzazi. Lakini usikubali mtu yeyote, awe mchungaji au rafiki, akufundishe kuwadanganya wazazi wako. Simu na kozi ya posta zitakupa faragha, ila hazitakushika mkono siku ya ugumu. Mtafute mtu mzima mmoja mwenye heshima zake, anayeweza kukusikiliza bila kukutangaza.

Vya kuongezea baadaye

Itifaki ya Biblia, ile inayokuonyesha neno fulani limetumika wapi na wapi, ni chombo kizuri kwa mwenye Union, kwa sababu ndiyo maneno yake inayoyafuata. Mwenye Habari Njema atatafuta "shetri" kwenye Biblia yake bila mafanikio. Kamusi ya Biblia husaidia kwa majina ya miji, mizani na fedha. Habari Njema ina toleo la kujifunza lenye maelezo, na kwa wengi linatosha mahali pa vitabu vyote viwili. Vya ufafanuzi wa sura kwa sura viache mpaka uwe umesoma Injili angalau mbili kwa macho yako mwenyewe, la sivyo utasoma mawazo ya mtu kuhusu kitabu usichokijua.

Na usianze na Mwanzo ukidhani utatembea sawasawa mpaka Ufunuo. Sura ziko 1,189 katika ile ya vitabu 66. Wengi huenda vizuri mpaka Kutoka, wanaingia maelezo ya hema na mapazia, na kufika Mambo ya Walawi wamekwisha. Anza na Marko. Ina sura 16, inakwenda mbio, na unaweza kuisikiliza yote jioni moja. Kisha Luka, kisha Matendo, ambayo ni mwendelezo wa Luka, na mtu wa pwani ataipenda sura ya 27, merikebu ya Paulo inapopigwa na tufani mpaka ikavunjika. Ndipo urudi Mwanzo. Zaburi isome wakati wowote, hasa usiku usio na usingizi.

Yule binti wa Dodoma nilimpa Habari Njema, na nikamwomba mwenzake mmoja wa bwenini asome naye. Yule mama aliyeolewa alichagua katekisimu ya kanisa la mumewe, na sasa anamuuliza mumewe maswali ambayo mume hulazimika kuja kuniuliza mimi. Mama mkwe amebaki na memori kadi yake. Amefika Warumi, analalamika kwamba Paulo anasema haraka.

Fundi ameishika Union, kwa sababu ya shetri. Habari Njema yangu anaiazima tukikaa Jumatano. Wiki iliyopita tulirudi pale pale Marko 4, maana alitaka kumalizia jambo. Union inasema wanafunzi walimwamsha wakamwuliza, "si kitu kwako kuwa tunaangamia?" na Habari Njema inasema, "hujali?" Alizisoma zote mbili mara mbili, kidole kikiwa chini ya maneno. Akasema baba yake aliwahi kukaa usiku mzima baharini na upepo wa kusi, na mama hakulala, na alikuwa akisema maneno yale yale, ila hakujua anamwambia nani. Tukaacha Biblia wazi juu ya meza, nikaenda kuchemsha chai.